Kanga Madoa Amerudi

Ipililo

Mdogo wangu Violeth,

Mwangaluka. Sisi wazima, pamba imeota vizuri, na mama anashukuru kwa dagaa uliotuletea kutoka Lamadi.

Ile siku ya kumsherehekea Kanga Madoa, yule ndege wa kitabuni, shuleni kwetu, watoto walijipaka madoa ya chokaa, nawe mwalimu mgeni ukawasomea kurasa za mwanzo. Nisikufiche, nilikuonea wivu. Monika wangu alikaa miguuni pako kama vile ni wewe uliyemzaa. Baba alikupeleka wewe shule, mimi akanipa fimbo ya kuchungia ng'ombe. Utotoni Kanga Madoa nilimjua kwa mdomo wako tu, jioni, nikikamua.

Basi nikaingia kisomo cha watu wazima, na kitabu cha kwanza kukimaliza ni hicho. Nimekisoma kwa kidole, wiki tatu. Violeth, wewe uliniambia Kanga akishaliona ziwa anarudi kijijini kumchukua dada yake. Kwenye kitabu harudi. Dada anabaki anaangalia njia, hadithi imeisha. Ulikuwa na miaka minane, ukanitungia mwisho wako ili nisilie. Hata kwa huruma umenizidi, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Jana Monika alitaka nimsomee. Nilisoma hadi ukurasa wa mwisho, nikafunga kitabu upesi, nikamwambia Kanga amerudi.

Dada yako, ambaye bado anaangalia njia,
Nyanjige