Saa Moja ya Bwana Gaudence Haina Lumbesa

Mpendwa Bi. Mwantum,

Shikamoo. Sikuandikii kuomba huruma, huruma nimepewa mpaka imenichosha, nakuandikia uniamulie jambo moja tu: je, napunjwa au sipunjwi? Na usinifiche jina kama unavyowaficha wengine gazetini, kwa sababu wanaonisema hapa Kibaigwa wananijua tayari na sijaiba cha mtu. Naitwa Yudith Meshack, nina miaka thelathini na minane, nanunua na kuuza mahindi tangu serikali iliporuhusu kila mtu afanye biashara yake, na hapa sokoni hakuna dalali anayeweza kuniambia gunia lina kilo mia nami nikakubali kabla sijalipima mwenyewe.

Mwaka jana mwezi wa nane lori tulilopakia mzigo wa kwenda Dar es Salaam lilipasuka gurudumu tukiwa tumeshaipita Gairo, likaanguka ubavu, na rafiki yangu Dorkasi, ambaye tulishirikiana mtaji na safari kwa miaka sita, akafia pale pale, yeye alikuwa juu ya magunia na mimi nilikuwa mbele kwa dereva, ingawa zamu ya kukaa mbele siku hiyo ilikuwa yake, lakini hilo silo ninalokuuliza. Ninalokuuliza ni kwamba tangu siku ile siwezi kupanda lori. Nikisikia wapakiaji wanafunga turubai mikono yangu inapoa na moyo unakwenda mbio, nimeanza kuwatuma watu wasindikize mzigo na wanarudi na hesabu za ajabu, na mara mbili nimelia mbele ya wateja, mimi, ambaye wateja ndio waliokuwa wakilia mbele yangu.

Nikaenda hospitali, wakapima presha, malaria, sukari, vyote salama, daktari akaniambia mama, mwili wako hauna tatizo, kinachokusumbua ni ile ajali, nenda ukamwone Bwana Gaudence. Huyu alikuwa muuguzi wa magonjwa ya akili serikalini, akapunguzwa kazi wakati ule walipopunguzwa wengi, sasa amefungua ofisi yake binafsi kule mjini, pale Kizota, chumba kimoja katikati ya mafundi wanaochomelea mageti, ana meza, viti viwili, saa ya ukutani na daftari. Hatoi sindano, hatoi kidonge. Unakaa, unaongea, anasikiliza, anauliza kidogo, unaongea tena. Kufungua faili ni elfu mbili, na kila ukienda ni elfu tano kwa saa moja. Elfu tano, Bi. Mwantum, msimu wa mavuno ni madebe matatu ya mahindi, na hapo hujaweka nauli ya basi ya kwenda mjini na kurudi.

Siku ya kwanza nikafanya kama ninavyofanya popote, nikamuuliza, nikichukua mara kumi kwa mkupuo unaniachia kwa ngapi? Akatabasamu, akasema, "Dada Yudith, hatujajua kama utahitaji kumi. Pengine sita, pengine ishirini." Sasa mimi miaka yote hii sijaona muuzaji asiyejua ana magunia mangapi. Halafu kuna wiki nilishindwa kwenda kwa sababu ilikuwa siku ya kupakia, niliporudi akanidai nusu, elfu mbili na mia tano, kwa siku ambayo sikufungua hata mdomo. Nililipa, maana alikataa katakata kupunguza, lakini roho iliniuma.

Kilichonifanya nishike kalamu ni Alhamisi iliyopita, ilikuwa mara yangu ya tano. Nilikuwa naongea, nimeshamweleza bei ya mahindi ilivyoanguka, na jinsi mume wangu Petro asivyonielewa, na habari za dalali mmoja aliyenidhulumu mwaka tisini na nne, ndiyo kwanza nafika kwenye ajali, akatazama saa ya ukutani akasema, "Muda wetu umekwisha, dada. Tutaanzia hapo wiki ijayo." Na si mara ya kwanza, kila wiki ni hapo hapo. Nikamwambia, "Kaka Gaudence, sisi Kibaigwa gunia halishonwi kwa sababu tu limejaa. Linashindiliwa, linaongezwa mpaka linaota kichwa juu, hiyo ndiyo lumbesa, ndipo mnunuzi anatoa hela. Wewe unanishonea gunia ambalo hata kujaa halijajaa." Akasema taratibu, "Hapa ni saa moja, dada. Haina lumbesa." Mlangoni kulikuwa na mtu anasubiri zamu yake. Nikachukua mkoba wangu nikaondoka bila kuaga.

Nyumbani sasa wamepata la kusema. Petro anataka niache, niache na mahindi yenyewe, mtaji wangu nimpe mdogo wake, mimi nikalime alizeti. Wifi yangu Lea ndiye aliyenichekesha na kuniudhi kwa pamoja: "Unaongea wewe, unalipa wewe. Huyo anakuuzia maneno yako mwenyewe." Anasema pia kwamba wanaotibiwa kichwa wanakwenda Mirembe, na kama sina kichaa basi nikaombewe kanisani, ni bure. Nimeombewa, Bi. Mwantum, na maombi nayaamini, lakini turubai likifungwa mikono bado inapoa. Mama yake Dorkasi anakaa benchi la mbele yangu kanisani, kila Jumapili anageuka ananishika mkono na kuniita mwanangu, na hapo pia inapoa.

Biashara siachi na alizeti silimi, hilo wameshalisikia. Nataka tu uniambie wazi, Alhamisi niende au nisiende, na kama huyo bwana ni mwizi niambie hivyo hivyo, la kumfanya nalijua.

Yudith Meshack,
Kibaigwa.

*

Marahaba, mdogo wangu.

Uliniagiza nisilifiche jina lako. Nimelificha. Yudith si jina lako, na majina ya wenzako wote nimeyabadilisha, na mwezi wa ajali pia. Sababu utaiona ukisoma mpaka mwisho. Ukitaka kugombana nami, ofisi yetu unaijua ilipo, njoo, nitakupa chai kwanza.

Swali lako nalijibu sasa hivi, maana wewe ni mtu wa biashara na hupendi kuzungushwa: hupunjwi. Huyo bwana si mwizi. Wewe umeingia dukani kwake na kipimo ambacho si cha duka hilo. Nami nimeuza vitenge katika duka la marehemu baba yangu hapa mjini kwa miaka kumi na mbili, ningekuwa mimi ningeomba kupunguziwa kabla sijakalia kiti, kwa hiyo sikucheki. Nakucheka kidogo tu.

Lea ana ulimi mtamu lakini amekosea. Hulipii maneno. Unalipia saa nzima ya mtu aliyesomea kazi ya kusikiliza, ambaye hatakuambia pole, pole, ili unyamaze upesi, ambaye hatakwenda kuyasema sokoni, na ambaye kwa saa hiyo amemwambia mgonjwa mwingine kwamba hana nafasi. Ndiyo maana alikudai nusu siku ulipokosa. Kiti kilikaa kitupu, lakini mwenye nyumba kodi yake anaitaka. Wewe ukikodi lori halafu usipakie, mwenye lori anakuacha uende zako? Na hakukuuzia mara kumi kwa mkupuo kwa sababu hajui utapata nafuu ya ngapi. Atakayekuahidi kukuponya kwa mara tatu, huyo ndiye wa kumkimbia, hata akikuuzia kwa mia tano.

Ila na yeye simwachi. Bwana uliyepewa jina la Gaudence, unajijua. Habari ya kulipia siku iliyokosekana inasemwa siku ya kwanza, kabla faili halijafunguliwa, na inaandikwa kwenye karatasi mgonjwa akaenda nayo nyumbani. Watu wetu wamezoea hospitali ya serikali, unakaa kwenye benchi unasubiri kuitwa, hujui hata cha kuuliza. Hizi ofisi binafsi ni mambo mapya kwao. Kumstukiza mtu na deni asilolijua ni kumfukuza.

Na wewe uliza. Muulize sasa yale ambayo ungemuuliza siku ya kwanza: nikishindwa kuja nitoe taarifa siku ngapi kabla nisilipe, risiti zangu ziko wapi, cheti chako kiko wapi, na lini tutakaa tuangalie kama nasogea au nimesimama pale pale. Kuuliza hivyo si utovu wa adabu. Ukifika mwezi ambao mahindi hayatoki, usipotee kimya kimya. Mwambie, mpange kuonana kila baada ya wiki mbili. Hilo linazungumzika. Kumkamia kila Alhamisi elfu tano iwe elfu tatu hakuzungumziki, na kunakula dakika zako mwenyewe. Ikitokea umeshindwa kabisa, hiyo Mirembe wanayokutishia nayo ina watu waliosomea kazi hii hii, na kupita kwenye geti lake hakujawahi kumtia mtu kichaa.

Petro mwambie hela ni jasho lako, na ambaye mikono yake haijapoa asikuchagulie dawa. Maombi endelea nayo, hayagombani na Alhamisi. Alizeti, kama anaipenda hivyo, jembe analo, alime yeye.

Sasa nikugombeze. Nimeisoma barua yako mara tatu. Umenipa nauli, umenipa madebe, umenipa bei ya faili, umenipa dalali wa mwaka tisini na nne ambaye nadhani yeye ameshakusahau. Katikati ya hayo yote umepenyeza maneno machache, kwamba zamu ya kukaa mbele ilikuwa ya rafiki yako, halafu ukakimbia ukasema hilo silo unaloniuliza.

Ndilo hilo, Yudith. Ndilo linalokupoza mikono turubai likifungwa, na ndilo linalokupoza mikono yule mama akikuita mwanangu. Umekwenda kwa bwana yule mara tano, na mara zote tano unafika kwenye ajali saa inapokwisha. Unadhani yeye ndiye anayeshona gunia mapema. Wewe ndiye unayelijaza mapumba kwanza, mahindi yanabaki chini hayana pa kuingia, kisha unasimama mlangoni unadai lumbesa. Muuzaji angekufanyia hivyo hapo Kibaigwa, ungelimwaga gunia lake chini mbele ya watu. Akikupa saa tatu utazijaza mapumba zote tatu, na utalipa elfu kumi na tano.

Sijui kwa nini ulikaa mbele siku ile. Labda ulikuwa unaumwa, labda ulichoka, labda ulitumia ukubwa wako kwake. Usiniandikie kunieleza. Mimi ni gazeti, kesho nitafungiwa maandazi. Najua kwamba gurudumu hukulipasua wewe, na inaniuma sana kwamba mwaka mzima umebeba hilo peke yako huku ukigombana na dunia nzima juu ya bei. Lakini hata nikikuandikia mara mia kwamba huna hatia, hutaniamini, kwa sababu hujawahi kulisema kwa mdomo wako mbele ya mtu akakusikia. Na usikimbilie kwa mama wa marehemu kulitua kwake ili wewe upumue. Huyo ana mzigo wake, na ndiyo maana nimeyaficha majina, asije akalisoma gazetini. Kama siku ya kumwambia ipo, mtaitafuta pamoja na huyo bwana, na hiyo pia ni sehemu ya unachokilipia.

Alhamisi nenda. Mwombe radhi kwa kuondoka bila kuaga, weka elfu tano mezani kabla hujakaa, na usitaje mahindi, usimtaje Petro, usimtaje Lea. Sentensi yako ya kwanza iwe kwamba siku ile zamu ya kukaa mbele ilikuwa yake, na umtaje kwa jina lake la kweli, lile nililolificha mimi. Ukishalisema, hata kama saa yote iliyobaki utalia tu bila kuongeza neno, usidai akurudishie hata senti.