Kitambaa Kimoja Kwanza

Jumatatu, 3 Machi
Leo naanza. Sheria moja tu: sikati kitambaa kipya kabla sijamaliza nilichokata. Kinyozi wa mlango wa pili aliacha sigara kwa kupiga alama kwenye kalenda kila siku. Nami nimetundika yangu juu ya cherehani. Nimekata gauni la mdogo wangu, anaolewa Jumamosi ya tarehe 15. Siku ya mahafali alivaa nguo ya kuazima kwa sababu yangu. Safari hii sirudii!

Jumanne, 4 Machi
Alama ya pili. Mabega nimeyaunga. Hata chai nimeinywa ikiwa moto.

Alhamisi, 6 Machi
Mwalimu kaja na kitambaa cha suti. Nikamwambia nimebanwa. Akasema basi atakwenda kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Roho ikaniuma! Kitambaa kikishakatwa mteja haendi popote — ndivyo nilivyofundishwa kazi, na ndicho kinachoniua. Nikakata. Alama nimepiga hata hivyo. Ni suti moja tu.

Jumamosi, 8 Machi
Vipande vya watu wanne mezani. Bitana ya kushonea ndani ya gauni siioni. Nimepiga alama za wiki ijayo nzima, kujitia moyo.

Jumatano, 12 Machi
Bitana nimeikuta — ndani ya koti la mwalimu! Nimeishona mwenyewe. Na koti kashalichukua.
Kinyozi kachungulia, kaitazama kalenda, kanipongeza: siku kumi bila kukosa. Nimeona aibu hadi machozi. Hakuniuliza mbona alama zinafika Jumamosi.

Ijumaa, 14 Machi
Mdogo wangu kaja kujaribu gauni. Kakaa kwenye stuli, viatu vyeupe magotini. Nimemwambia bado kidogo. Hata hakukasirika, heri angenigombeza! Kasema nisijali, kaja na wasaa wake, atangoja.
Naandika nyuma ya pazia la kujaribia, eti natafuta uzi. Gauni halina mikono, halina bitana, na mimi sijui nianzie wapi.
Mlangoni sauti ya mama mmoja: ana kitambaa, ni blauzi tu, haichukui muda.
Mdogo wangu anasikiliza nitajibu nini.
Nimefungua mdomo niseme hapana. Nimejisikia nikisema: karibu mama, kilete nikikate.