Uchaguzi Siku ya Unga

Jumatatu, 3 Machi

Kamati tumekutana stoo ya kiwanda, tumekalia magunia. Nikatoa hoja: uchaguzi wa chama chetu cha wafanyakazi uhame Jumamosi, uwe Jumatano. Jumamosi mikate haiokwi usiku, zamu ya usiku wako makwao wamelala. Tunapiga kura sisi wa mchana tu! Jumatano lori la unga linakuja, zamu zote mbili zinashusha pamoja. Mhazini akaguna — eti najipalia makaa, wa usiku hawanijui. Hawanijui! Viatu vya kazi walivyovaa aliwapigania nani?

Sababu nyingine sikuisema. Mke wangu yuko zamu ya usiku, kwenye tanuri. Uenyekiti wangu wote huu hajawahi kunipigia kura hata mara moja. Nataka na yeye anichague.

Alhamisi, 6 Machi

Imepita! Hata Mhazini kainua mkono, shingo upande. Nimerudi nyumbani kifua mbele. Mke wangu alikuwa anafunga kitambaa aende kazini. Akaniangalia weee, akasema nimefanya jambo la maana. Na mama huyu hasifu ovyo!

Jumapili, 9 Machi

Nimepata mpinzani. Mke wangu!

Kaniambia mwenyewe, huku ananimiminia chai. Wenzake wamempendekeza juzi usiku, kazini. Nikauliza, miaka yote hiyo hukuwahi kutaka, kwa nini leo? Akasema, "Baba watoto, ningegombea Jumamosi nipigiwe kura na nani?"

Nimekasirika, sifichi. Chai sikuimaliza.

Jumatatu, 10 Machi

Mhazini kanivuta pembeni. Tuseme lori limeharibika, uchaguzi urudi Jumamosi, nani atajua? Nimemtimua! Siku nimeitaka mwenyewe, nimeipigania mwenyewe. Mimi sili matapishi yangu.

Lakini usingizi umegoma.

Jumatano, 12 Machi

Foleni mpaka getini! Watu weupe kichwa mpaka miguu, karatasi za kura zimejaa alama za vidole vya unga. Sijawahi kuona uchaguzi wa namna hii, na siku hii nimeileta mimi, abishe nani! Mpakia tanuri mmoja, mtu mzima mwenye wajukuu, alikuwa anamwambia mwenzake kwamba hajawahi kupiga kura hapa tangu aajiriwe.

Mke wangu alinitangulia. Alipotoka akanipangusa unga shavuni, mbele ya watu wote, akasema zamu yako, mwenyekiti. Nikaingia. Nilimchagua nani, nimeapa sitaandika hata humu.

Sasa wanasoma kura kwa sauti. Nimekaa benchi ya nyuma na daftari langu. Mke wangu. Mimi. Mke wangu. Mke wangu tena. Kila akitajwa, wa usiku wanalipuka kwa vigelegele, na yeye kasimama pale mbele, wima, mikono nyuma, hatingishiki. Mwanamke huyo ni wangu, jamani!

Mhazini kageuka, kanikazia macho. Anauliza mbona na mimi napiga makofi.

Wamemtaja tena. Ngoja niweke kalamu chini —