Sabuni ya Maji ya Chumvi

Dada Rukia,

Wameifunga maabara yetu. Nakuandikia hasira zikiwa zimenijaa, maana hapa Shimanzi hakuna mwingine wa kumwambia akanielewa.

Unakumbuka walivyoikataa sabuni yetu? Tulihangaika miaka ili itoe povu kwa maji ya chumvi ya visima vya Mji wa Kale, yale yaliyokuwa yakiacha utando kwenye mabuibui ya mamako. Wao makao makuu ya kampuni, huko ng'ambo, wakaijaribu kwa maji yao matamu, wakaandika kwamba haina tofauti na sabuni nyingine. Ulicheka mpaka ukakohoa. "Kadzo, hawa wamempa dawa mtu asiyeumwa, kisha wanasema haiponyi!"

Ulipofariki, niliwapelekea maji ya kisima chenu. Yakazuiwa bandarini kwao wiki na wiki. Hakuna aliyejua ayaite bidhaa gani. Yalipowafikia, sabuni ikatoa povu. Nilifurahi, dada. Nikashika simu nikupigie, kisha nikakumbuka.

Juzi tukaitwa mkutanoni, wao wakiwa kwenye skrini. Mkurugenzi wa utafiti akaisifu "kazi ya wenzetu wa makao makuu." Sabuni itatengenezwa nchi nyingine, na utafiti wote unahamia kwao. Wewe hukutajwa. Hata mara moja!

Nikasimama. "Sabuni hiyo ni ya Rukia. Amekufa mkiwa hamjamwamini."

Kisha yule bwana, kwa upole wa kuudhi: "Tunashukuru kwa hisia zako."

Hisia! Kana kwamba nimewaimbia taarabu.

Halafu wakanitaka niende huko kwao, niwafundishe watu waliochukua kazi yetu. Nimekataa. Mume wangu ameniuliza kama nimefikiri vizuri. Sijui. Naogopa, lakini sijutii.

Jana nilikwenda kwa mamako, nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Sasa wewe wafanyaje, mwanangu?" Nikamjibu kwamba naanza upya, sabuni nyingine kabisa. Akasema, "Basi anzia hapa. Maji tunayo."

Ndipo nikalia, Rukia. Tangu mazishi sikuwa nimelia.

Nakuahidi, safari hii haitatoka Mombasa kabla hatujaiandikisha kwa majina yetu, mimi na wewe.

Mungu akulaze pema, dada yangu. Hasira hizi nitazifanyia kazi.

Mdogo wako,
Kadzo