Mtu Muhimu wa Biskuti

Jumatatu, 6 Aprili

Itangazwe kwa wakaazi wote wa Mji wa Kale, na paka wao, kwamba kuanzia leo mimi Athmani, karani wa ghala la biskuti huko Shimanzi, ni mtu muhimu. Barua ninayo. Ina muhuri. Biskuti ni chakula, chakula ni muhimu, na makatoni nayahesabu mimi. Nimefika miaka hamsini na mbili ndipo jambo hili likatambuliwa.

Barua nimejiandikia mwenyewe. Bosi kaniachia karatasi tupu zenye saini yake, kasema niorodheshe wa kubaki kazini na wa kwenda nyumbani mpaka maradhi haya yaliyofunga mji yapite. Jina la kwanza, langu. Charo mfagiaji nimemkata. Alicheka. "Sawa karani, lakini panya hawajaisoma orodha yako." Nami nikacheka. Yeye akaokota kofia yake akaenda zake.

Jumanne, 7 Aprili

Kizuizi kimewekwa njia ya kutokea mtaani kwetu; anayepita ni mwenye barua ya kazi muhimu tu. Askari kaisoma barua yangu, kanipigia saluti ya mzaha. "Pita, mzee wa biskuti." Nimepita kifua mbele. Tumbo nalo lilikuwa mbele, kama kawaida yake.

Mji kimya kama ndani ya mtungi. Baraza tupu. Kunguru wanatembea katikati ya njia, polepole, kama wazee waliotoka kuswali. Nilihisi natembea katika ndoto ya mtu mwingine, na huyo mtu karibu ataamka.

Dada Mwanaisha kaniuliza yeye yumo kundi gani. Miaka thelathini anaosha maiti za wanawake wa mtaa huu. Nimemwambia hayumo popote, barua zinatoka makazini. "Kumbe hakuna wa kufa mpaka maradhi yaishe," akasema. "Alhamdulillahi." Dadangu ana ulimi.

Jumapili, 12 Aprili

Usingizi wa mchana. Nimeota nimesimama ghalani, watu wanapita mbele yangu mmoja mmoja. Wazima kulia, waliovunjika kushoto. Akaja mama, Mungu amrehemu, akaniuliza apite wapi. Badala ya kumwamkia, nikatafuta jina lake kwenye orodha. Nimeamka mdomo una ladha ya sukari.

Chini, dada alikuwa ameanika vitu vya kasha lake. Sanda mbili, karafuu maiti, pamba, marashi ya mawaridi. Sanda moja yake. Ya pili ya Rukia wa Majengo, shoga yake tangu utotoni. Wameahidiana zamani: atakayekufa kwanza ataoshwa na mwenzake. Hubishana nani awe wa kwanza, kama wageni mlangoni. Tangulia wewe. La, tangulia wewe.

Rukia sukari imempanda. Dada hawezi kwenda kumwona. Majengo ni pale tu, mtu huenda kwa miguu na chai aliyoiacha haijapoa.

Jumatano, 15 Aprili

Rukia amefariki leo asubuhi. Sukari, si maradhi haya. Kazikwa alasiri.

Dada alifika kizuizini na kifurushi chake. Askari akamuuliza kama kazi yake imo kwenye orodha. "Kazi yangu, mwanangu, haina orodha. Kila mtu yumo." Akarudishwa. Akanipigia simu ghalani nimwandikie barua. Bosi hakuwepo. Karatasi zimefungiwa kabatini. Nilijaribu. Haikuwezekana.

Rukia ameoshwa na majirani wawili. Wanasema vizuri tu.

Nimerudi nyumbani na pakiti mbili za biskuti. Sijui za nini.

Alhamisi, 16 Aprili

"Pita, mzee wa biskuti." Nimepita.

Ijumaa, 17 Aprili

Panya wametoboa makatoni sita. Sina wa kumwambia ila Charo, na Charo nilimkata.

Dada hali chakula vizuri. Anashinda karibu na kasha. Jana aliniuliza, "Sasa mimi ataniosha nani?" Hakulia. Aliuliza kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi. Nikasema atapatikana mtu. Jibu la kipumbavu.

Jumapili, 19 Aprili

Daftari hili halisomwi na mtu, na hata humu nimedanganya. Naandika ilivyokuwa.

Bosi hakuwepo, hilo kweli. Karatasi hazikufungiwa. Zilikuwa kwenye droo yangu, chini ya rula, zina saini, zina muhuri, zinangoja jina tu. Dada alipiga saa nne asubuhi. "Sema nafagia huko, sema lolote, Athmani." Kumpelekea ni nusu saa kwa miguu. Maziko alasiri. Muda ulikuwepo, tena wa kutosha.

Nilishika kalamu. Nikaandika jina lake. Kisha nikamwona askari akiuliza huyu mama anafanya kazi gani kwenye biskuti. Nikamwona bosi akiipasua barua yangu. Nikajiona nimekaa nyumbani, si muhimu, kama Charo. Nikaogopa hilo kuliko nilivyomwonea huruma dadangu. Nikaikunja karatasi nikaitia mfukoni, nikamwambia zimefungiwa. Akasema, "Haya, kakangu, umejitahidi." Nikahesabu makatoni mpaka alasiri. Sikukosea hata moja.

Leo baada ya adhuhuri nimeshuka nikamwambia yote. Alikuwa anakunja sanda. Nikampa ile karatasi. Akaisoma, akainyoosha makunyanzi kwa kiganja, kama anavyonyoosha nguo.

"Jina umeliandika vizuri," akasema.

Akaiweka ndani ya kasha, juu ya sanda ya Rukia. Akafunga. Halafu akaniambia nikae, chai inapoa.