Laptop Iliyofungiwa

Jumanne, Chang'ombe

Kumbe laptop haikuwa na ubovu wowote. Wiki nzima nimeizima na kuiwasha, nimefuta wifi na kuiunganisha upya, hadi nimehamia sebuleni niwe karibu na ruta. Leo imekata mara tatu katikati ya usaili wa mtandaoni wa kazi ya Dodoma, na simu yangu wakati huohuo inashika vizuri tu.

Nikaingia kwenye mipangilio ya ruta. Nikaikuta laptop yangu imefungiwa isipate mtandao. Nywila tunaijua wawili, mie na mdogo wangu Rehema. Alikuwa chumbani kwa mama, anaifungia na kuifungulia kwa simu yake.

Nilipomuuliza hakukana.

"Ukienda Dodoma, dada, mama nitabaki naye peke yangu. Kumgeuza, kumwogesha, kila siku?"

"Si ungeniambia?"

"Ungebaki?"

Nikarudi sebuleni. Leo asubuhi yeye ndiye aliyenipigia pasi blauzi ya usaili, akaniombea dua. Hilo ndilo linaloniuma kuliko...

Wamekubali kunisaili tena Alhamisi. Nimebadilisha nywila ya ruta; sasa naijua peke yangu. Sikumbuki kama nimewahi kumfungia mdogo wangu kitu chochote maishani.