Simu Iliyofundishwa Shikamoo

Dar es Salaam, 3 Machi 2024

Baba mpendwa,
Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristu. Mimi mzima, wasiwasi ni kwako.

Wifi Flora, asante kwa kumsomea na kumwandikia baba mkweo tangu macho yake yazime. Hili linamhusu kaka yako, univumilie. Baba, nimeondoka kwa mume wangu Cletus na sirudi. Umenikasirikia? Nijibu hata kwa neno moja.
Mwanao, Getrude

Kilangala, 20 Machi

Mwanangu Getrude,
Marahaba. Milele, amina. Tu wazima. Habari zako nimezisikia. Ufuta umeota vizuri mwaka huu. Flora anakusalimu.
Baba yako, Erasmo

Dar es Salaam, 9 Juni

Baba,
Shikamoo. Afya yaendeleaje? Jibu lako nimelisoma mara nyingi. Hasira sikuiona, wala faraja.

Pokea simu hii kwa mtu wa basi. Ndani yake kuna programu inayosoma maandishi kwa sauti, na ukigusa herufi inaitaja. Ni programu huria: walioitunga wameiacha wazi, anayetaka airekebishe na kuigawa bure. Mimi na wenzangu tunaitia Kiswahili tukitoka kazini. Ulikuwa katekista, herufi unazijua. Jaribu.
Mwanao, Getrude

Kilangala, 30 Juni

Mwanangu,
Marahaba. Hatujambo. Simu imefika na nimeizima. Kuwashwa tu ikaanza: Fungua. Futa. Rudi nyuma. Mtoto wa nani huyo, hajaamkia mtu anaanza kutuma wazee? Flora hapa anacheka hata kalamu haishikiki. Kaifundisheni adabu kwanza.
Baba yako, Erasmo

Dar es Salaam, 14 Septemba

Baba,
Shikamoo. Hujambo na uji wa asubuhi? Wenzangu walicheka, kisha wakakubali kwamba hata bibi zao wangeizima. Tumeirekebisha. Sasa inaamkia kwanza, na kila jambo inaomba. Sauti ni ya Nusaiba, binti wa Kilwa. Anayeleta barua hii ataweka programu hiyo mpya kwenye simu yako. Tunakushukuru kwa kutugombeza. Wazee wengine watasalimiwa kwa sababu yako.
Mwanao, Getrude

Kilangala, 2 Novemba

Getrude mwanangu,
Tumsifu Yesu Kristu. U mzima? Haya naandika mwenyewe, kwa kidole kimoja, tangu asubuhi. Nusaiba kaniamkia vizuri, nimemwitikia. Mwambie asante, na wenzako wote. Mungu awalipe.

Sasa nijibu la Machi. Sikukukasirikia hata siku moja. Pasaka ya mwaka jana nilipokupapasa uso, ulisema shavu limevimba kwa jino. Nilijua si jino. Ulifanya vyema kuondoka, na nyumba hii ni yako.

Haya sikuweza kuyasema kwa mkono wa Flora. Cletus ni ndugu yake wa tumbo moja, na uji ninaokunywa kila siku anaupika yeye. Ningemwandikishaje aibu ya kwao? Nikaona heri unione mkavu kuliko kumtesa.

Krismasi njoo. Ukifika, mkumbatie Flora kwanza, ndipo uje kwangu.
Baba yako